Huyo Aliyeegemea Ukuta

Kosa langu lilikuwa la kisarufi. Najua visa vya kutisha havianzi hivyo, lakini hiki ni cha kweli, na jambo la kweli halichagui mlango wa kuingilia. Nilimcheka mama wa watu kwa kukosea ngeli, kumbe hakukosea. Yaliyofuata yalitokea nyumbani kwangu hapa Nkende, mjini Tarime, mbele ya macho yangu haya mawili, nikiwa sijanywa kitu zaidi ya chai. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, njoo uliangalie benchi langu.

Kwanza unijue mimi ni nani, maana utajiuliza mambo haya yamempataje mtu wa namna hii. Mimi ni mtu wa ndani. Wanaume wenzangu wa Kikurya hupimwa kwa ng'ombe, au kwa ubishi, au angalau kwa safari za mpakani Sirari. Mimi hupimwa kwa dirisha. Natengeneza simu na redio kupitia dirisha la sebule: mteja yuko nje kwenye benchi, mimi niko ndani kwenye kiti, na kwenda kazini kwangu ni kugeuza kiti kutoka mezani kwa chai kuelekea dirishani. Mke wangu, Bhoke, husema nikifa hawatapata taabu, watafunga dirisha tu. Shemeji yangu yeye ameshanipa jina. "Mura," huniambia, kama Wakurya tunavyoitana vijana, "wewe ni konokono."

Basi konokono huyu siku moja alikuwa anajaribu spika ya simu ya mteja (usinifikirie vibaya, spika haijaribiwi kimya), akaangukia video ya mzee mmoja wa nchi za mbali anayejenga meli ya matanga ya mbao, ndogo, ya kuweka juu ya kabati. Milingoti mitatu, matanga, kamba nyembamba kama nywele. Mzee yule alikuwa anafunga kamba kwa kibano kilekile ninachotumia mimi kushika vyuma vya simu. Nikaitazama mpaka betri ya mteja ikaisha.

Nikapagawa. Mimi, ambaye sijawahi kupanda hata mtumbwi! Daraja la Mto Mara huwa napita nimefumba macho. Lakini labda ndivyo ilivyo: asiyetoka ndani anahitaji kitu cha kumwonyesha kwamba angetaka, angeweza.

Vitu vidogo havikunishinda. Milingoti niliichonga kutoka kwenye vijiti vya mishikaki. Kamba ni uzi wa fundi viatu, niliousugua kwa mshumaa ili usifumuke. Matanga nilikata kwenye shuka letu la zamani, nikayachovya kwenye chai ya rangi yaonekane yamekula jua. Vijigurudumu vya kupitishia kamba vilikuwa shanga za Bhoke, za mkufu uliokatika wenyewe. Nasema wenyewe.

Kilichonishinda ni mwili wa meli. Ubao wa kwanza ulipasuka katikati. Wa pili niliuchonga kwa uvumilivu mkubwa, nikaupiga msasa, nikauweka mezani na kumwita mke wangu. Akauzunguka.

"Kiatu kizuri," akasema. "Cha pili kiko wapi?"

Hapo ndipo nilipotupa jicho kwa jirani.

Jirani yetu ni Mama Ouma, Mjaluo wa upande wa Rorya, mjane, anauza mboga na maharage sokoni. Kati ya uwanja wake na wetu kuna ua wa minyaa wenye upenyo wa kupitisha moto, chumvi na umbea. Ni mwema kama mkate. Ila Kiswahili chake, jamani! Kwake kila kitu kilikuwa "hiyo". Hiyo mvua. Hiyo watoto. Hiyo maji. Na mimi, mwenye kidato cha nne na alama nzuri ya Kiswahili ambayo mpaka leo sijapata mahali pengine pa kuitumia, nilikuwa namsahihisha.

"Mvua hii, mama."

"Eee, hiyo hiyo."

Alipohamia nilimuuliza kama huyo Ouma wa jina lake ni mkubwa. Akasema ni mkubwa. Yuko wapi? "Ouma yuko ziwani," akanijibu. Nikamwambia basi samaki hawatatuishia huku. Akanitazama kidogo, akaendelea kuchambua mboga. Nikaona huyu mama hapendi utani. Na ni kweli, kwake samaki hakuingia. Mjaluo asiyepika samaki! Hilo nalo nilimtania, Mungu anisamehe.

Sasa nyuma ya jiko lake, chini ya paa, kulikuwa na tunda la mwegea. Unaujua mwegea? Ule mti wa kando ya mito, unaoning'iniza matunda makubwa marefu kama soseji za jitu. Tunda hili lilikuwa limekauka hadi rangi ya majivu, refu kuliko mkono kutoka kiwiko mpaka vidole, nene katikati, limechongoka huku na huku. Lilikuwa limeegemea ukuta, limesimama wima. Mungu alikwisha kujenga meli, alibakiza milingoti tu.

Nikasogea kwenye upenyo. Mama Ouma alikuwa amekaa anapepeta maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, jirani."

"Hilo tunda pale ukutani, ni la kuchachulia pombe?"

Hakugeuka kuliangalia. Ungo ulikuwa unakwenda juu na chini. "Huyo?" akasema. "Huyo amekaa tu hapo."

Nikacheka. Nilicheka kweli, mpaka nikashika minyaa. "Mama! Tunda ni hilo. Huyo ni mtu."

"Huyo waliniletea. Mimi simtaki."

"Humtaki kabisa?" nikamwigiza kwa ngeli yake mwenyewe.

"Simtaki. Nimewaambia simtaki, jirani."

Niambie, wewe ungesikia nini? Mimi nilisikia ruhusa. Kesho yake asubuhi, yeye ameshatoka kwenda sokoni, nikapenya kwenye minyaa, nikambeba. Unaona? Sasa hivi hata mimi nasema nikambeba. Siku ile nilisema nimelibeba, nikalipitisha mlango wa nyuma, nikalilaza mezani kwangu.

Sijawahi kufanya kazi tamu kama ile. Nililikata juu, nikalichimba kwa patasi na kijiko. Ndani lilikuwa na nyuzinyuzi na mbegu, na harufu iliyonishangaza kidogo, harufu ya matope ya kando ya maji. Nikasema ni tunda la mtoni, litanukia nini, marashi? Nikaweka sakafu ya vibao vya sanduku la nyanya, nikasimamisha milingoti, nikaanza kamba. Kufunga kamba za meli, nikwambie, ni kama kumsuka mtoto asiyetulia: umefunga hapa, pale pamelegea, umekaza pale, mlingoti umepinda huku. Nikawa siendi hata dirishani. Wateja wakawa wanagonga.

Wakati huohuo Mama Ouma akabadilika. Nilianza kumsikia akiimba jikoni, nyimbo za kanisani, kwa Kijaluo. Halafu siku moja upepo ukaleta harufu ambayo haijawahi kutoka upande ule: sato wa nyanya na kitunguu.

"Mama, leo samaki?"

"Mtu wangu anarudi," akasema. Uso wake ulikuwa umekunjuka kama wa msichana.

"Ouma anakuja?"

"Nimeona alama, jirani. Nyasaye, Mungu wangu, amenionyesha hiyo alama."

Sikuuliza alama gani. Kila jioni aliweka sahani ya mtu wake, akaifunika. Kila asubuhi, mtu wake hajafika, aliipitisha sahani ile kwenye upenyo wa minyaa: "Kula, jirani, nitampikia ingine." Nikala. Sikuuliza. Samaki haulizwi, huliwa.

Sasa tufike kwenye jioni yenyewe.

Bhoke alikuwa amevuka mpaka kwenda Isebania, mtoto wa dada yake anabatizwa, akalala hukohuko. Mvua ya masika ilianza alasiri na haikuonyesha nia ya kuondoka. Giza lilipoingia tu, umeme ukakatika, kama kawaida yake. Nikawasha taa ya sola, nikaisogeza kwenye meli. Nilikuwa nimebakiza kamba za tanga la nyuma. Nikazikaza vizuri, zikawa zinalia ukizigusa kama nyuzi za gita. Nikajipongeza.

"Hodi, fundi."

Nikafungua bawa moja la dirisha. Kijana amekaa kwenye benchi, amelowa chapachapa. Katika mvua ile nani asingelowa? Sikushtuka. Akaninyooshea simu, kitochi cha zamani.

"Imeingia maji," akasema.

"Lini?"

"Zamani kidogo."

"Ungeiweka kwenye mchele, kaka."

Akatabasamu. Alikuwa na sura nzuri, ya mtu anayesamehe kabla hujamkosea. "Nilikokuwa hakukuwa na mchele."

Nikafungua mfuniko wa nyuma. Maji yakatoka. Hilo la kawaida, nikaweka kisahani. Kisahani kikajaa. Nikaweka bakuli. Maji yakawa yanaendelea kutoka kwenye kitu kisichozidi kiganja changu, taratibu, bila haraka. Kikatoka mchanga. Likatoka gamba dogo la konokono, nikamkumbuka shemeji. Halafu, niamini, akatoka dagaa. Mzima. Akarukaruka juu ya meza yangu, anameta kwenye taa ya sola.

Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi mdomo wangu hutangulia akili. Nikamwambia, "Kaka, hii haikuingia maji. Hii ilihamia."

Akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha kawaida kabisa. Hilo ndilo lililonibakiza kwenye kiti.

"Haitapona?" akauliza.

"Haitapona."

"Nilitaka kupiga moja tu, omera, ndugu yangu. Kwa mama. Nimwambie asiniwekee chakula." Akanitazama. "Samaki unakula wewe, sivyo?"

Nikaifunika kwa mkono sahani ya asubuhi, ambayo nilikuwa sijairudisha. Yeye hakungoja jibu. Aliinama akachungulia ndani, akaiona meli mezani, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeonyeshwa picha yake ya utotoni.

"Umenitengeneza vizuri," akasema.

Hapa unisikilize, na unicheke, ninastahili. Maji yanatiririka mezani, dagaa anaruka, na mimi nikamsahihisha. "Umeitengeneza," nikasema. "Meli, umeitengeneza."

"Umenitengeneza," akarudia, polepole, kama unavyomsaidia mtoto kusoma. "Nguo nyingi, lakini. Sisi tulikuwa na tanga moja tu." Akapitisha mkono dirishani. Ulikuwa na mikunjo vidoleni, kama wa mtu aliyefua nguo siku nzima. Akagusa kamba za tanga la nyuma, zile zinazolia. Hakuzipenda.

"Umekaza sana."

"Ili zisilegee," nikasema.

"Upepo ukija ghafla utaachiaje?"

Kwenye video yangu upepo haukuja. Akafungua fundo langu kwa kucha, akafunga upya, taratibu ili nione: akazungusha, akapitisha, akaacha kitanzi na ncha moja imening'inia. "Hivi. Ukivuta hapa, linaachia." Akaiachia ile ncha. "Sisi tulikaza."

Basi. Na mimi mwenye dirisha nikaona ziwa ambalo sijawahi kuliona.

"Nimechoka kukaa, fundi," akaendelea. "Walinileta, nikaegemezwa ukutani. Sawa. Wewe umenipa matanga, asante. Lakini bado sijaenda popote. Mwambie mama anipeleke nyumbani, kwa baba."

"Mwambie mwenyewe," nikasema, sauti yangu ikatoka kama ya kuku. "Mlango wake ule pale, ng'ambo ya minyaa."

Akatikisa kichwa. "Akiniona, atasema nimerudi."

Umeme ukarudi. Taa ya sebuleni ikawaka, redio ya mteja ikaanza kuongea yenyewe, na benchi lilikuwa tupu. Simu haikuwepo mkononi mwangu. Bakuli lilikuwa na maji, na mezani alikuwepo dagaa mmoja, mkavu, mgumu, kama aliyeanikwa juani mwezi mzima.

Usiku ule usiniulize. Mtu wa ndani aligundua kwamba ndani si mahali pa kujificha.

Bhoke aliporudi kesho yake nilimweleza yote. Alicheka mpaka akavua kitenge kichwani kujifutia machozi. Halafu nikamwambia ashike lile fundo. Kamba zote za meli zilikuwa kavu, na fundo lile limelowa. Akalifuta kwa kanga. Likalowa tena, kati ya vidole vyake. Akaacha kucheka.

"Hili tunda ulilitoa wapi?"

Nikamwambia. Akakaa chini. Shangazi yake aliolewa kwa Wajaluo, kwa hiyo alijua kitu ambacho mimi, pamoja na kidato changu cha nne na miaka yote ya kupitisha chumvi kwenye ule upenyo, sikuwahi kujishughulisha kujua.

"Kwao mtu akifa majini asionekane," akasema, "hutafutwa tunda la mwegea. Wao wanaliita yago. Linalazwa kaburini mahali pa mwili. Ndiyo maiti yake. Wewe mwanaume, umemchonga mtoto wa watu."

Nikaelewa yote kwa mpigo mmoja, na natamani ningeelewa kidogo kidogo. Ouma yuko ziwani. Waliniletea, simtaki. Mama yule alikataa kumzika mwanawe, akasema hajafa, labda yuko Kenya, labda Uganda, na tunda likabaki limeegemea ukuta likimngoja akubali. Asubuhi moja akaamka halipo. Ungewaza nini wewe, kama ungekuwa mama? Aliwaza limeondoka kwa sababu hakuna maiti wa kuzikwa, mwanawe yu hai. Hiyo ndiyo alama aliyoonyeshwa. Mwizi wa Nkende ni mimi, na wizi wangu ukaimbiwa nyimbo za kanisani!

Nikwambie ukweli, nilikuwa na mpango wa mwoga. Niende mtoni, nitafute tunda lingine kavu, nilirudishe ukutani kimyakimya.

"Na ile sahani?" Bhoke akauliza. "Ataweka mpaka lini?"

Nikaifunika meli kwa kanga, nikapenya kwenye minyaa. Sijawahi kusafiri mbali hivyo.

Mama Ouma alikuwa anapara magamba ya sato. Aliniona, akaona ninachobeba. Nikafunua. Hakupiga kelele. Alinyoosha kidole kimoja, chenye magamba, akagusa upande wa meli, ile rangi ya majivu, akaifuata kwa kidole mpaka mwisho.

"Nilijua ameondoka mwenyewe," akasema.

"Ni mimi, mama. Nilimchukua mimi. Nilidhani humtaki."

Nikamsimulia. Nilitegemea aniulize alikuwaje, alivaa nini, alifikaje. Akauliza jambo moja tu.

"Alikuwa anasikia baridi?"

"Alilowa, mama. Lakini hakutetemeka."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea salamu kutoka mbali. Ndipo nikasema niliyotumwa: usimwekee chakula, mpeleke nyumbani, kwa baba yake. Akaweka kisu chini, akamwosha yule samaki, akamweka kwenye sahani na kunipa.

"Mpelekee Bhoke," akasema. "Hiyo jioni sipiki."

Baba mdogo wa Ouma alikuja kutoka Rorya, akaja juu. Alisema tunda limeharibiwa, limetobolewa, limevalishwa shuka la watu, litafutwe jipya. Sikumlaumu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Bhoke, na Bhoke ni mwembamba. Mama Ouma alimwacha shemeji yake amalize, halafu akasema, "Huyu ndiye. Ouma alikuwa mtu wa matanga." Ikawa basi.

Na mimi nikaenda Rorya. Konokono! Nilikaa nyuma ya gari dogo la mizigo, nimempakata, nikimkinga na upepo kwa koti langu. Njia nzima nilikuwa nazungumza naye kichinichini, nikimwambia hapa kuna kona, hapa kuna tuta, vumilia. Kama ungenisikia ungesema nimerogwa. Labda.

Kaburi lilichimbwa kando ya la baba yake. Katekista aliomba, wazee wakafanya ya kwao, na wakati wa kumshusha Mama Ouma akasema ngojeni. Akanigeukia.

"Ni hiyo kamba ipi?"

Nikamwonyesha ile ncha inayoning'inia, yenye maji. Alisimama ameishika. Hakuna aliyemharakisha. Mimi nilikuwa najua kwamba hajaivuta bado, na kwamba mpaka atakapoivuta mwanawe yuko Kenya, yuko Uganda, yuko njiani anakuja kula. Watu wengine walidhani anaomba.

Akavuta. Tanga likaachia, bila kukwama hata kidogo, kama alivyosema Ouma mwenyewe. Likashuka na kulala. Ndipo kilio kikamtoka, kilio kikubwa cha kwao, ambacho nadhani nacho kilikuwa kimeegemea ukuta muda wote ule. Wanawake wakampokea. Tukamzika Ouma.

Hayo ndiyo yaliyonipata. Benchi langu mpaka leo lina alama ya maji upande mmoja, pana kama mtu aliyekaa. Nimelipiga randa, nimelipaka rangi, nimelianika kwenye jua la Januari. Alama inarudi. Wateja hukaa upande wa pili bila kuambiwa. Mtu akileta simu iliyoingia maji, kabla sijagusa bisibisi namuuliza ilianguka wapi, na akisema ziwani, naweka bakuli kwanza.

Meli bado najenga, nyingine, ya mbao hasa, na haifanani na kiatu sana. Tanga la nyuma nalifunga kwa fundo lile nililofundishwa. Limekaa kavu. Mama Ouma haweki tena sahani ya mtu. Anapika samaki akimtaka, na anakula mwenyewe, na kusema kweli mimi upande huo nimepata hasara.

Nakuonya basi, wewe unayesoma. Usichukue kitu cha mtu kwa sababu amesema hakitaki. Kuna vitu mtu havitaki kwa sababu vinamuuma. Na ukiishi na watu wa kabila lingine, usiishie kwenye chumvi. Uliza wanalia vipi, wanazika vipi. Na ukisikia mtu amekosea ngeli, kabla hujacheka, geuka utazame anachokisema.

Juzi nilimsomea Mama Ouma kisa hiki kupitia upenyo wa minyaa, nisije nikaandika la kumuudhi. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mboga. Nikamuuliza kama kuna mahali nimekosea. Akaniambia:

"Miaka yote kila kitu mimi naita 'hiyo', jirani. Siku moja tu nikasema 'huyo', na wewe ukacheka."